Kamera Tuliyoiita Mulevi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba naangalia majani. Si utani. Kuna siku nakaa tangu asubuhi mpaka saa tisa, napitisha picha mpaka macho yananiwasha, na ndani yake hakuna hata mkia wa panya. Ni majani, tawi limeinama, majani tena. Jirani yangu pale mtaa wa Keshero, mama mmoja anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliniuliza siku moja kama ile miaka yote ya chuo kikuu niliisoma ili nije kuangalia majani. Nikamwambia ndiyo, mama, na nikibahatika naona nyati. Alicheka mpaka akatua beseni chini.

Kazi yenyewe iko hivi. Kule parki, kwenye hifadhi ya wanyama, wafuata nyayo wetu hufunga kamera ndogo kwenye miti, kimo cha goti la mtu mzima, kisha wanaondoka. Kitu chenye joto kikipita mbele ya kamera, inajipiga yenyewe. Mchana picha inatoka na rangi. Usiku inatumia mwanga ambao mnyama hauoni, na picha inatoka nyeusi na nyeupe. Baada ya wiki kadhaa, barabara ikikubali, kadi zinaletwa Goma ndani ya kopo lenye mchele kidogo wa kunyonya unyevu. Sisi wa biro, yaani wa ofisini, tunazifungua, tunaangalia picha moja moja, na kila picha tunaitia kwenye fungu lake: mnyama, mtu, sijui, au vide. Vide ndiyo kusema tupu. Picha ya vide inaingia kwenye pubeli ya mashini, lile pipa la taka la kompyuta, na pubeli ikijaa shefu, mkubwa wetu wa kazi, anaimwaga, hapo hakuna kuirudisha.

Shefu wetu ni mwanamke mpole isipokuwa kwa jambo moja. Picha haitoki mlangoni. Asubuhi tukifika tunaweka simu zetu kwenye kitunga karibu na mlango, wote, hata yeye, na tunazichukua wakati wa kurudi nyumbani. Alitueleza siku ya kwanza, na hakuwahi kurudia: mtu akijua chui anapita wapi na saa ngapi, atakwenda kumngoja na waya wa mtego. Basi. Hata nyumbani tuliruhusiwa kusema tulimwona nani, siyo wapi.

Mezani nilikaa na mwenzangu mmoja, dada wa Kiislamu, ambaye ukoo wake ni wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliwajua wanyama kwa matako, maana wengi wao kamera inawanasa wakiwa wameshapita. Kulikuwa na nyani mmoja dume aliyejitokeza kwenye kila kadi, anasogeza uso mpaka pua inajaa picha. "Ona huyu anavyojipenda," mwenzangu alikuwa anasema, "mumutafutie kioo." Mimi nilikuwa namtetea yule nyani. Angalau yeye alijua kwamba kuna mtu upande wa pili.

Ninakaa na papa, baba yangu. Alikuja kwangu baada ya mama kufariki, na sanduku moja, na Biblia, na kofia anayoivua mbele ya watu anaowaheshimu tu, nao si wengi. Kwetu ni kule juu, upande wa Butembo, kwenye vilima ambavyo ukisimama ukingoni unaiona parki imelala chini mpaka macho yanachoka. Papa alikuwa mkulima, na tena msomaji wa kanisa. Somo la kwanza la misa lilikuwa lake, na alilisoma kwa sauti ya mtu anayegombeza. Hata hapa Goma, parokia ilipomjua tu, ilimpa zamu.

Sasa lazima niseme habari ya mwiko. Ukoo wetu hauli muhanga. Kama humjui muhanga usijali, hata sisi hatumjui. Ni mnyama wa usiku, anakula mchwa, na anachimba mashimo ambayo mtu mzima anaweza kuingia akajinyoosha. Mashimo yake niliyaona tangu utoto. Mwenyewe hakuna aliyemwona, si mimi, si papa, wala babu. Jina lake hatukulitaja. Tulimwita Yule wa Chini.

Papa anasimulia hivi: babu wa babu yake alikuwa anakimbia watu waliotaka kumuua, akajitupa ndani ya shimo. Mwenye shimo alikuwemo. Hakumwuma, hakumfukuza. Alianza kuchimba ukuta wa upande mwingine, akachimba, akatokea huko, akamwachia mgeni nyumba yake. Waliomfukuza babu wakapita juu ya kichwa chake. Tangu siku hiyo hatumli Yule wa Chini, na tena hatuchungulii shimo lake, kwa sababu mtu aliyekuficha huendi kumkodolea macho nyumbani kwake.

La kwanza lilikuwa rahisi, nani atakula nyama asiyoipata? La pili nililipata kwa kofi. Nilikuwa na miaka sita hivi, tunatoka shambani, nikaona shimo limefunguka chini ya kichuguu, udongo bado mbichi. Nikainama. Mkono wa papa ulinishika shingo, ukaigeuza upande wa njia, na mwingine ukanipa kofi langu. "Kwa mutu hatuchungulii!" Kila tulipopita karibu na shimo baada ya pale, mkono wake ulirudi juu ya shingo yangu, hata nilipokuwa nimeshageuka mwenyewe.

Nilipokuja Goma sikukuta mashimo. Hapa ni mawe ya volkano, mtu akitaka kuchimba choo anapigana na jiwe wiki nzima. Lakini papa hakuacha. Vita ilipotujazia nyumba watu kutoka upande wa Sake, akina mama na watoto wamelala mpaka kwenye kolido, yeye alitundika kitenge mlangoni mwao na kuwaonya wanangu: atakayechungulia atanijua. Alisema kwa uso uleule wa kichuguuni. Wanangu walidhani ni ukali wa uzee tu, mimi nilijua ulitoka wapi.

Halafu macho yakamgeuka. Kwanza jicho la kushoto lilizimika. La kulia likaanza kubanwa kutoka pembeni, polepole, na alificha. Tulijua siku aliyofika kwenye somo, akasoma nusu ya mstari, akanyamaza, akarudi mwanzo, akanyamaza tena. Kanisa zima lilingoja. Alifunga kitabu, akashuka, na Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma. Nilimwona anavyokaa, nikaumia sana.

Ni wiki ile aliponiita. Yeye ananiita mama, kama wazee wetu wengi wanavyowaita mabinti zao.

"Mama, kule kwenye kazi yako, Yule wa Chini anapitaka?"

"Sijamwona bado, papa."

"Maisha yangu yote nimekatala nyama ya mutu mwenye sijamuona. Nataka nimuone kabla ya macho kwisha. Ni ile tu."

Nilijidai mjanja. Nilichukua simu, nikatafuta, nikapata muhanga mzuri kabisa, amepigwa picha mchana, amenona, kwenye bustani moja ya wanyama huko Ulaya. Nikamsogezea karibu na jicho. Papa aliangalia kidogo, akaniuliza: "Huyu ni wa wapi?"

"Wa Ulaya."

"Ulaya tulikatala kula nani?" Akanirudishia simu yangu. "Huyu, wazungu ndio watamushukuru. Miye nataka wa kwetu. Ule mwenye babu yake aliachiaka babu yangu nyumba."

Kamera zetu zilikuwa chini ya vilima vyetu hasa. Kama yupo wa kwetu, atakuwa pale.

Basi kila jioni, nikivua viatu tu, maswali yanaanza. Leo nani alipita? Tembo alikuwa na mtoto? Mtoto ameshakuwa namna gani? Yule chui, alikuwa ametoka kula ao anaenda kula? Nilimwambia papa, chui hakusema. Alikasirika, akasema mtu anayeangalia vizuri atajua kwa tumbo. Kesho yake niliangalia tumbo. Lilikuwa limejaa. Nikarudi kumwambia, akafurahi kana kwamba alikula yeye.

Zaidi ya wanyama alitaka kujua kamera yenyewe. Inajuaka namna gani kama kitu kinapita? Kwa joto, papa. Na kama ni nyoka? Nyoka hana joto la kutosha, mara nyingi inamkosa. Na haya majani unayoyalilia kila siku, yana joto gani? Nikamweleza: jua likiyapiga majani yanapata moto, upepo ukiyatikisa kamera inadanganyika, inadhani ni mnyama, inapiga. Akalitafuna jambo hilo siku mbili. "Kumbe inadanganywa na jua," alisema wakati wa chai, peke yake, bila mtu kumwuliza.

Nilimsimulia na habari za Mulevi, kwa kumchekesha. Mulevi ni jina tulilolipa kamera moja mimi na mwenzangu. Ilikuwa imefungwa kwenye mti, inaangalia njia ya wanyama inayopita kando ya kichuguu kikubwa. Ilikuwa fungu langu mimi tangu mwanzo. Kamera hiyo ilikuwa inapiga ovyo. Usiku kucha inapiga, na mbele yake njia iko tupu, safi, hakuna kitu. Kila kadi yake ilikuwa hivyo. Niliipitisha haraka haraka, vide, vide, vide, mwenzangu anaimba pembeni, "Amelewa tena!" Shefu aliwaambia wafuata nyayo waibadilishe. Walileta nyingine, wakaifunga kwenye mti uleule. Nayo ikalewa. Tulicheka, tukasema ni pale mahali pana baa.

Miezi ilipita. Nilimtafuta Yule wa Chini kwenye kila kadi, na ninaapa nilimtafuta kwa moyo wote. Nilijua masikio yake, mgongo wake uliopinda, mkia wake mnene. Kila nungunungu aliyetokea gizani alinishtua. Papa hakulalamika. Ila jioni alianza kukosa kikombe, mkono unatua kando yake kidogo, na sisi wote tunajifanya hatukuona.

Siku moja niliomba ruhusa, nikampeleka kwa daktari wa macho. Tulikaa foleni tangu asubuhi kwenye benchi refu, bega kwa bega na wazee wengine waliofumba jicho moja. Daktari alimpima, akaweka chini vyombo vyake, akazungumza na papa mwenyewe, jambo nililolipenda. Alisema ni presha ya jicho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni tundu dogo katikati, na dawa italichelewesha tu kuziba.

"Itafunga siku gani?" papa aliuliza.

"Muzee, sijui. Haitachukua muda murefu."

Tukarudi kwenye benchi kungoja dawa. Machozi yalikuwa karibu. Papa alikuwa ameshika kofia juu ya magoti, anaizungusha. Nikajua anafikiria giza. Kumbe wapi!

"Mama. Ule Mulevi wako."

"Ndiyo, papa."

"Ulisema majani inadanganya kamera sababu ya jua."

"Ndiyo."

"Na Mulevi anapigaka usiku."

"Usiku kucha."

"Bon. Usiku, majani inapashwa moto na nani?"

Sisi wa biro wote, na diploma zetu, tulikaa mbele ya kamera ile miezi na miezi, tukacheka, na hakuna aliyeuliza swali hilo. Papa aliendelea kuzungusha kofia. Alikuwa ameridhika na swali lake, hakuhitaji nimsifu. Nilitaka kukimbia biro saa ileile, lakini dawa ilikuwa bado.

Asubuhi iliyofuata nilitupa simu kwenye kitunga, nikafungua kadi ya mwisho ya Mulevi, nikamwita mwenzangu. Nilimwambia swali la papa. Akapiga mdomo wake kwa kiganja. Tukaangalia picha ya kwanza. Njia tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu.

"Mimi sioni kitu," nilisema.

"Dada, na hapa?" Aliweka kidole pembeni, chini, upande wa kushoto, pale kichuguu kinapogusa ardhi.

Nikaangalia njia.

"Hapa, nimesema. Juu ya nini unageuza shingo?"

"Nani amegeuza shingo?"

"Weye! Nimeweka kidole hapa, weye unaangalia dirisha."

Nikacheka, nikarudisha uso. Aliweka kidole tena, na safari hii nilijisikia mwenyewe. Shingo ilikuwa inaenda. Hakuna aliyeisukuma, ilikwenda peke yake, upande wa njia, kama mkono wa papa ungali juu yake. Pale chini ya kidole cha mwenzangu kulikuwa na shimo. Kubwa, jeusi, limefunguka chini ya kichuguu, lipo kwenye kila picha ya kamera ile tangu siku ya kwanza, na mimi niliyekuwa nayaangalia majani mpaka macho yananiwasha, sikuwahi kuliona.

Nilijishika kidevu kwa mkono, kweli nilijishika, nikauelekeza uso. Kwenye mdomo wa shimo kulikuwa na udongo uliorushwa, bado uko hewani. Picha iliyofuata, mkia. Nyingine, masikio mawili marefu, yamesimama gizani, yanasikiliza. Mwenzangu alianza kupiga vigelegele, shefu akatoka ofisini kwake akidhani kuna mtu amepata mtoto.

Nilifurahi muda gani? Labda dakika mbili. Halafu nikafungua daftari ambalo tunaandika kila kadi: imetoka kamera gani, picha ngapi, vide ngapi. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa nikifuata mistari ya Mulevi, yote mwandiko wangu mimi. Vide, vide, vide. Mstari wa kwanza ulikuwa kwenye ukurasa ambao pembeni niliandika kwa kalamu nyekundu: kutoka mapema, papa anasoma Jumapili. Nilikuwa nimeomba kuondoka siku hiyo ili nimpigie pasi koti lake.

Yaani kadi ile ya kwanza ilipofika, papa bado alikuwa anasoma barua ya Paulo mbele ya kanisa zima. Angeweza kuketi kwenye kiti changu, akavaa miwani, akamwona Yule wa Chini mzima mzima, kutoka pua mpaka mkia, kwa mpigo mmoja. Na picha zile zote nilizitupa mimi. Pubeli ilikuwa imemwagwa mara nyingi tangu hapo. Zilizobaki ni za kadi mbili za mwisho. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jenereta, nikalia kama mtoto mdogo.

Shefu alinifuata. Nilimwambia yote, mwiko, jicho, shingo. Akasema, "Picha haitoki mulangoni. Unajua."

"Najua."

"Lakini muzee anaweza kuingia mulangoni. Mulete kesho."

Siku hiyo nilibaki nikichambua kadi zile mbili. Masikio, mkia, mgongo nusu, udongo. Karibu zote zilikuwa za ndani ya shimo au mdomoni mwake. Moja tu alikuwa ametoka. Amesimama kando ya njia, ubavu wake wote kwenye kamera, mweupe kabisa juu ya usiku mweusi, kichwa amekiinamisha anasikiliza mchwa. Nilimtazama mpaka mwenzangu alizima taa ya upande wake, akaniambia nyumbani kuna watu wananingoja.

Kesho yake papa alivaa koti la kusomea. Alikataa nimshike mkono barabarani, akakubali nimshike kiwiko, akasema hiyo ni tofauti. Mlangoni alitia simu yake ndogo ndani ya kitunga kabla ya kuambiwa, maana sheria za biro letu alizijua zote. Mwenzangu alimwamkia, akamletea kiti changu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa anajua kiburi changu nilikitoa wapi.

Nilifungua picha. Papa alikuwa ameelekeza uso pembeni, ukutani.

"Papa, iko hapa."

"Ngoja. Iko ndani ya nyumba yake ao inje?"

"Inje, papa. Amesimama njiani."

"Anaenda wapi?"

"Kula."

"Bon. Njiani, tunaweza kusalimiana." Akavua kofia, akaiweka juu ya meza, ndipo akageuza uso.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Tundu lake lilikuwa dogo, kwa hiyo alimwona kipande kwa kipande. Alianzia mahali fulani mgongoni, akapotea kwenye majani, akarudi. "Hii ni nini?" Mguu wa nyuma, papa. "Na hii?" Tumbo. Kichwa chake kilikwenda kushoto polepole, kikashuka, kikapanda. Alipofika kwenye kucha alisimama muda mrefu. "Unaona vile zimejengwa. Hata kwa ukuta wa jiwe, huyu angetoboa." Akaendelea. Alipofika kwenye pua alicheka kwa sauti, kicheko cha tumboni nilichokuwa sijakisikia tangu mama yu hai. "Ah, bwana! Na hii sura yote, ndiyo ilituokoa?" Shefu aliyekuwa mlangoni akacheka pia, akajifuta macho.

Kisha alirudi nyuma kidogo, akajaribu kumpata wote kwa mara moja. Akasogea, akarudi tena. Haikuwezekana. Niliona anavyojaribu, nikashindwa kuvumilia.

"Papa, nisamehe. Alikuwa hapa tangu ule wakati ulikuwa unasoma. Ni miye nilimutupa. Nilikuwa naona shimo na nilikuwa nageuka, hata sikujua kama niko nageuka. Nilisema ni vide. Ungemuona wote."

Mkono wake ulitafuta hewani, ukakosa bega langu, ukanipata shingoni, pale pale pa zamani. Ulikuwa mwepesi sasa.

"Ulifanya vile nilikufundisha," alisema. "Nilikufundisha muzuri mno."

Mkono ukabaki pale kidogo. Halafu ukanigeuza uso, taratibu, kuelekea kwenye kioo.

"Miye namuona vipande vipande. Weye unamuona wote. Angalia muzuri, mama, usigeuke. Uniunganishie."

Nikavuta kiti cha mwenzangu, nikakaa karibu naye, nikaanzia kwenye masikio.